Bundi Watatu Ndani ya Chandarua

Mke wangu ni muuguzi. Siku za zamu ya usiku huondoka nyumbani saa kumi na mbili jioni. Hunywa chai akiwa amesimama, huvaa viatu vyake vyeupe mlangoni, humbusu binti yetu utosini na kumwambia, "Mama anakwenda kazini, asubuhi nipo." Mtoto huitikia vizuri kabisa. Hupunga mkono mpaka bajaji ikunje kona. Machozi huja saa mbili, taa ikishazimwa, ndani ya chandarua, na ni juu yangu mimi baba mtu kuyamaliza.

Nimejaribu mengi. Hadithi za sungura na fisi zilitufikisha wiki mbili hivi. Kuimba sikujaaliwa. Simu tulishakubaliana na mama yake isipande kitandani. Kilichokuja kuniokoa ni kitabu cha kurasa ngumu nilichokiona kwa wauza vitabu vya mtumba pale Posta, Dar es Salaam, siku niliyokwenda kwa shughuli nyingine kabisa. Muuzaji alitaka elfu tano, tukavutana mpaka elfu tatu. Pembe moja ilikuwa imetafunwa na mtoto nisiyemjua wa nchi nisiyoijua. Kwenye jalada, makinda watatu wa bundi wamekaa juu ya tawi, weupe kama sufi iliyopasuka, wamekutumbulia macho.

Nilisita. Ni bundi, jamani.

Aliyekulia kwetu hahitaji kuelezwa. Bundi akilia juu ya paa lako, kuna mtu anaondoka. Akilia kwenye mti wa jirani, unashukuru kimoyomoyo kisha unaona aibu. Magazeti yetu yamemfanya kuwa jina la kila balaa: chama kikigombana, au timu ikifungwa mechi tatu mfululizo, kichwa cha habari ni "bundi atua". Januari 2018 alitua bundi wa kweli, wa manyoya, ndani ya ukumbi wa Bunge Dodoma kikao kikiendelea, na Spika wa wakati huo, Job Ndugai, ikabidi awatulize waheshimiwa. Kwa watu wa Dodoma, alisema, bundi anayeonekana mchana hana madhara. Nilipenda sana ufafanuzi ule. Bundi kama bundi hakumtetea hata kidogo. Huyu alikuwa amekosea ratiba tu.

Na yule mwenye uso mweupe wa umbo la moyo, anayependa dari za majengo ya zamani, ana jina lake mwenyewe: babewatoto, wengine husema babewana. Mama yangu, mtu wa Muheza, hulitamka jina hilo kwa sauti ya chini, na akilitamka huwatupia jicho watoto waliopo kama mtu anayewahesabu.

Nilinunua hata hivyo. Macho ya yule mdogo wa mwisho yalinishinda.

Kitabu kinaitwa Owl Babies. Mwandishi ni Martin Waddell wa Ireland ya Kaskazini, mchoraji ni Patrick Benson, nacho kilitoka mwaka 1992. Kisa chake ni chembamba kama uzi. Makinda watatu, Sarah, Percy na Bill, wanaamka usiku ndani ya shimo la mti na kukuta mama yao hayupo. Wanatoka nje, wanakaa matawini, wanasubiri. Sarah, mkubwa, ana maelezo: mama kaenda kuwinda. Percy humfuatia. Bill, kitinda mimba, ana neno lake moja tu analolirudia ukurasa baada ya ukurasa: anamtaka mama. Mwishowe wanasogeleana kwenye tawi moja, wanafumba macho, wanaomba arudi. Anarudi. Waddell amewahi kusimulia kwamba chanzo chake kilikuwa supamaketi: alimkuta mtoto wa kike aliyepotezana na mama yake, amesimama amekauka kwa hofu, anarudia maneno hayo hayo.

Usiku wa kwanza nilikisoma bila kutegemea lolote. Katikati nikasimama. Maisha yangu yote bundi yuko nje analia, sisi tuko ndani tunaogopa. Humu ndani ya kitabu nyumba inayoogopa ni ya bundi. Percy anafika mahali pa kusema labda mama amekamatwa na mbweha. Kumbe na wao wana msiba wanaouhofia, na wao husikiliza usiku.

Binti yangu hakuwa na muda wa mawazo hayo. Yeye aliona mama aliyeondoka usiku kwenda kazini. Aliuliza swali moja tu: "Ana sare?"

Nikamwambia manyoya ndiyo sare yake. Akaridhika, akaniamuru nigeuze ukurasa.

Kwa kuwa kitabu ni cha Kiingereza, ninatafsiri huku nasoma, na kazi hiyo gizani na tochi ya simu si ndogo. Majina yalianza kunisumbua mapema. Sarah akawa Sara bila shida. Percy alinikataa mdomoni, nikampa jina la Pasi, na hakuna aliyelalamika. Bill ndiye aliyenitoa jasho. Ukimtamka Kiswahili ni Bili, na nyumbani kwetu bili ni ile ya maji, inayotajwa kila mwisho wa mwezi kwa sauti za juu. Binti yangu alisikia mstari wa kwanza, "Hapo kale walikuwepo Sara na Pasi na Bili," akacheka mpaka akakohoa. Mpaka leo karatasi ya maji ikifika anauliza kama Bili amekuja na mama yake.

Kisha kuna lile neno la Bili lenyewe. Mwalimu wangu wa sarufi angedai "Namtaka mama," kiambishi cha mtendwa mahali pake, kwa sababu mama ni mtu. Ndivyo nilivyosoma mwanzo. Binti yangu akanirekebisha: "Sivyo, baba. Anasema, nataka maaama." Ana haki. Mtoto anayelia hana nafasi ya kiambishi. Hupita moja kwa moja kwenye ile a ya katikati na kuivuta mpaka pumzi iishe. Sasa mstari huo si wangu tena. Nikifika pale nanyamaza, naye anausema, na nimegundua kwamba tukifika mara ya nne au ya tano anausema kwa kuigiza, akijisikiliza, na kilio chake cha kweli kimeshapotea humo ndani bila mimi kukigusa.

Mama Bundi naye ni tatizo la kiungwana. Kwetu mama mwenye watoto watatu angeitwa Mama Sara, kwa mtoto wa kwanza. Nilijaribu usiku mmoja. Likaleta picha ya mwanamke wa jirani anayeuza vitumbua, akiruka juu ya miti. Nikarudi kwenye Mama Bundi.

Mwezi wa Ramadhani mama yangu alikuja kukaa nasi. Usiku wa tatu alikuwa kwenye mkeka chini ya dirisha, tasbihi mkononi, mimi nikaanza kusoma nikijua anasikia. Kuna sentensi inayorudi mara kwa mara kitabuni, imewekwa kwenye mabano kama siri: bundi wote hufikiri sana. Kwa Wazungu bundi ni mwenye hekima, kwa hiyo hapo mzazi wa kule anatabasamu. Kutoka kwenye mkeka ikaja sauti:

"Anafikiri nini?"

"Mama, ni kitabu tu."

"Nauliza. Anafikiri nini usiku wote huo? Anafikiri aingie nyumba ya nani."

Binti yangu akainuka ndani ya chandarua. "Bibi, anafikiria mama yake."

Kimya. Tasbihi ikaendelea. Baada ya muda: "Haya. Msomee mwenzio."

Asubuhi, wakati wa kuosha vyombo vya daku, mama alinipa maoni yake kamili. Wazungu, alisema, hawamjui bundi, ndiyo maana wanamchorea watoto. Nilimwambia wanamjua sana. Katika Macbeth, mchezo wa Shakespeare, usiku ule mfalme anapouawa, mke wa Macbeth anasikia bundi na anajua kazi imekwisha. Zamani wakulima wa Ulaya walikuwa wakimgongelea bundi mzima mzima kwa misumari kwenye mlango wa ghala ili kuzuia radi na shari. Na katika mchezo wa Juliasi Kaizari, ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri mwenyewe na kuuchapisha mwaka 1963, kisha akaurudia kwa masahihisho mwaka 1969, miongoni mwa dalili za kutisha kabla ya Kaizari kuuawa ni ndege wa usiku aliyetua sokoni mchana kweupe akapiga kelele. Mchana, mama. Roma bundi wa mchana ndiye mbaya, Dodoma bundi wa mchana ndiye salama.

"Nyerere aliliandika hilo?" akauliza.

"Alilitafsiri."

"Basi si unaona." Akaendelea na sufuria. Nilikuwa nimemletea ushahidi wa upande wake.

Kuna jambo sikumwambia, na sikupata kumwambia mtu mpaka hapa.

Nilikuwa darasa la tano. Nyuma ya madarasa palikuwa na stoo ya zamani ya bati, imejaa madawati mabovu, na kwa siku kadhaa tulisikia sauti ndani yake, ndefu, ya kukwaruza, kama mtu anayevuta hewa kwa meno yaliyofungwa. Wengine walisema ni joka. Tuliingia wanne wakati wa mapumziko. Juu ya boriti, penye kona, walikuwepo makinda wanne wenye nyuso za moyo, manyoya mepesi meupe, wamejipanga wamebanana. Chini yao sakafu ilikuwa na matonge makavu ya manyoya na vifupa, na fuvu la panya dogo kuliko ukucha wangu. Walikuwa wanayumba kwa pamoja, kushoto kulia, kama waimbaji, wakitoa ile sauti.

Mtu alisema babewatoto. Basi. Sikumbuki nani aliokota jiwe la kwanza. Nakumbuka la kwangu, na kwamba lilikuwa na kutu ya bati upande mmoja, na kwamba lilipiga. Mwalimu wa zamu alikuja akatutawanya kwa fimbo, kosa letu likiwa kuingia stoo bila ruhusa.

Kinachonirudia zaidi ni ukubwa wao. Hawakulingana. Mmoja karibu awe bundi kamili, wa mwisho alikuwa tonge la pamba lenye mdomo. Sisi tuliona hiyo ni dalili ya uchawi: ndugu gani wa tumbo moja wapishane hivyo kama ngazi? Nimekuja kusoma ukubwani kwamba ndivyo walivyo. Babewatoto hutaga yai, hukaa siku mbili tatu kabla ya kutaga jingine, lakini huanza kulalia tangu lile la kwanza. Kwa hiyo huanguliwa kwa foleni, na katika kiota kimoja mkubwa anaweza kumzidi mdogo kwa wiki mbili. Mwaka wa panya wengi wote hukua. Mwaka wa njaa wa mwisho hafiki.

Fungua sasa kitabu cha Benson, ukurasa wowote wenye tawi. Sara ni mkubwa, kifua kimeanza kujaa. Pasi wa kati. Bili ni tonge la pamba lenye mdomo. Mistari yake ya wino imechorwa mmoja mmoja, mingi kama uzi wa kufuma, na giza la nyuma nalo limefumwa hivyo hivyo, likiacha wao tu wang'ae. Nilipoiona picha ile kando ya barabara pale Posta, kabla hata ya kuuliza bei, nilimtambua yule mdogo. Nilikuwa nimeshaonana naye.

Kuna mwanabiolojia wa Lausanne, Uswisi, anaitwa Alexandre Roulin, ambaye amewachunguza ndege hawa kwa miaka mingi. Aligundua kwamba ile sauti ya kukwaruza ni mazungumzo. Mzazi akiwa bado hajafika na windo, makinda huulizana kwa kulia: mwenye njaa zaidi hulia mara nyingi na kwa urefu, na wenzake wakimsikia hupunguza, humwachia zamu. Wakati mwingine mkubwa humpa mdogo panya wake. Kwa hiyo ile kwaya ya kwenye boriti walikuwa wakipangana nani ale kwanza mama akirudi.

Sijui nimweleze vipi binti yangu hilo la jiwe. Ana miaka minne. Litasubiri.

Baada ya Owl Babies rafiki yangu aliyeko Uingereza alisikia habari zetu akatuma vingine. Kimo cha Chris Haughton, A Bit Lost, cha mwaka 2010, kinda anasinzia anaanguka kutoka kiotani, kindi mwenye kiherehere anamzungusha msitu mzima kumtafutia mama na kila mara anampeleka kwa mnyama asiye wake. Hicho hatutumii kulalia, kinachekesha mno. Kimo Owl Moon cha mwaka 1987, ambacho picha zake, za John Schoenherr, zilipata nishani ya Caldecott, ile ya Marekani ya picha za vitabu vya watoto, mwaka uliofuata. Humo baba na binti yake wanatoka usiku kwenye theluji, na yule baba anamwita bundi. Anamwita! Kwa mdomo wake, kwa makusudi, na anafurahi anapoitikiwa. Hicho sijathubutu kukisoma mama akiwa mkekani.

Kilichokaa nasi zaidi ni The Owl Who Was Afraid of the Dark cha Jill Tomlinson, cha mwaka 1968. Mhusika wake, Plop, ni babewatoto kabisa, yule yule wa kunong'onezwa, na taabu yake ni kwamba anaogopa giza. Mama yake anamtuma aulize watu giza lina nini. Kila anayemkuta anampa jibu lake: mtoto anayesubiri fataki anasema giza linasisimua, mtu wa darubini anamwonyesha nyota.

Majibu yale nusu yake hayakufika kwetu. Fataki binti yangu hajawahi kuziona, na habari ya mzee wa Krismasi anayehitaji giza ili alete zawadi niliiruka. Nikaweka ya kwetu. Nilimpitisha Plop ufukweni Tanga akakutane na wavuvi wa dagaa, ambao mwezi ukiwa mpevu hukaa nyumbani kucheza bao, kwa kuwa dagaa hufuata taa ya boti pale tu bahari inapokuwa nyeusi. "Giza ni riziki," mvuvi akamwambia Plop. Binti yangu akauliza na wagonjwa je. Nikasema ndiyo, wagonjwa nao huumwa usiku, ndiyo maana mama yupo kule. Hapo tukaongeza ukurasa usiokuwepo, Plop akatua kwenye dirisha la wodi.

Ningependa siku moja nisitafsiri. Katika misitu michache ya pwani ya Kenya, ukiwemo Arabuko-Sokoke, na kwenye vilima vya Usambara Mashariki, juu kidogo tu ya alikozaliwa mama yangu, anaishi bundi mdogo wa kama sentimita 16, mwenye vishungi viwili kichwani. Ukimsimamisha kando ya rula ya shule anapita katikati kidogo tu. Pemba wana wao, ambaye hapatikani popote pengine duniani. Mchoraji wetu akimkalisha mmoja wao kwenye ukurasa na mama aliyechelewa kurudi, mimi ni mnunuzi, na sitavutana bei.

Wiki iliyopita alilia wa kweli. Ilikuwa saa nne usiku, zamu ya mke wangu, na mama yangu amerudi kututembelea. Alikuwa kwenye mwembe wa nyuma, karibu sana, ile sauti ya kukwaruza, mara moja, mbili. Mama aliinuka kabla sijafika mlangoni. Aliingia jikoni akatoka na konzi ya chumvi, akaelekea kwenye jiko la mkaa lililokuwa bado na moto. Ndivyo alivyofanya bibi yake na ndivyo atakavyofanya.

Binti yangu alikuwa ametoka chandaruani bila ndala, amesimama kizingitini, ameshika nguo ya kulalia kwa mikono miwili. Akapaza sauti kuelekea mwembeni:

"Rudi nyumbani! Bili anakungoja!"

Mama akasimama na chumvi yake. Akamtazama mjukuu wake, akatazama juu gizani.

"Umesikia mwenyewe," akamwambia bundi. "Nenda kwa wanao."

Kisha akaitupa chumvi motoni, yote.